Jinsi ya kupanga jaribio la rada la kuchunguza ionosfia, kuanzia swali hadi saa ya kurusha

Msimu wa kuomba saa za rada ukikaribia, maswali ninayoletewa ni yale yale. Nitumie msimbo upi, yaani mpangilio gani wa kuyageuza mawimbi ninayorusha? Mpigo, yaani mrusho mmoja wa mawimbi, uwe na urefu gani? Mbona halijoto niliyopata inaruka kama panzi? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningetamani kuonyeshwa nilipoanza. Karibu kila anayeniuliza ameanzia mwisho. Ameshachagua msimbo, bado hajajua anataka kupima nini.

Mfano wetu ni rada ya UHF ya EISCAT, shirika la kisayansi la Ulaya lenye rada za aina hii, iliyopo Ramfjordmoen, karibu na Tromsø, kaskazini mwa Norwe: dishi la mita 32, masafa ya karibu megahezi 930. Ukitumia rada nyingine, hatua zinabaki zile zile ila namba zote unapiga upya.

Nadharia nitakupa ya kutosha kuanzia tu. Rada hii si ile ya kuongozea ndege. Inarusha mawimbi makali juu, elektroni za ionosfia (sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme) zinatikiswa, na kila moja inarudisha chembe ya nguvu. William Gordon alipendekeza wazo hili mwaka 1958, na mwaka huo huo Kenneth Bowles akaupata mwangwi wenyewe huko Illinois, Marekani. Ili uone mwangwi ulivyo mdogo, piga hesabu hii. Kwenye urefu wa kilomita 300, mwali wa rada yetu una upana wa karibu kilomita 3. Kata kipande cha mwali chenye urefu wa kilomita 10, unapata kama kilomita za ujazo 70. Jaza humo elektroni trilioni 1 kwa kila mita ya ujazo, ambayo ni ionosfia nzito ya mchana. Eneo zima linalorudisha mawimbi ni kama milimita za mraba 3.5. Ni sawa na kutafuta punje ya ulezi iliyoko kilomita 300 juu ya kichwa chako. Ugumu wote utakaoukuta huko mbele unatokana na punje hiyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Swali moja. Si mada, swali.
- Data za zamani za rada ile ile, za saa na msimu unaofanana na wako. Hifadhi ya mtandaoni ya Madrigal, iliyoanzia kituo cha utafiti cha MIT Haystack, Marekani, inakuruhusu kupakua bila malipo. Aliye Dodoma au Eldoret anaweza kuanza leo usiku bila kuomba ruhusa ya mtu.
- Programu ya uchambuzi. Kwa EISCAT wengi hutumia GUISDAP. Kwa majaribio yako ya mezani, Python inatosha.
- Kikokotoo na karatasi. Sitanii. Jaribio zuri linaenea kwenye ukurasa mmoja wa mkono.
- Namba mbili kichwani: mikrosekunde 1 ya mpigo ni mita 150 za umbali, na milisekunde 1 ni kilomita 150. Tayari zimegawanywa kwa mbili kwa sababu wimbi linakwenda na kurudi.

Hatua ya 1: Andika swali likiwa na namba ndani yake

"Nataka kuchunguza aurora", ile mianga inayowaka angani usiku karibu na ncha za dunia, si swali. Swali ni hili: aurora ikipita juu ya rada, elektroni za kati ya kilomita 95 na 150 zinaongezeka kwa kasi gani? Hapo papo hapo unajua mambo matatu. Urefu ni kilomita 95 hadi 150. Tabaka la aurora linaweza kuwa na unene wa kilomita chache tu, kwa hiyo unahitaji kutenganisha kilomita 3 au pungufu. Na aurora hubadilika ndani ya sekunde, kwa hiyo kipimo cha kila dakika 5 hakikusaidii kitu.

Andika namba nne: urefu wa chini, urefu wa juu, unene wa kutenganisha, na muda wa kila kipimo. Kisha andika ya tano, ambayo wengi huiruka: kosa kubwa kabisa unaloweza kulivumilia. Asilimia 5? Asilimia 20? Namba hizi ni kama shuka fupi. Ukilivuta kichwani, miguu inabaki nje. Kutenganisha vizuri zaidi kunakula muda au kunaongeza makosa, na kuharakisha kunaharibu vyote viwili, utenganishaji na usahihi. Amua mapema kiungo gani kitalala nje.

Hatua ya 2: Chagua dishi litazame wapi

Kwa swali letu, elekeza dishi sambamba na mstari wa uga wa sumaku. Pale Tromsø hiyo ni upande wa kusini, mwinuko wa karibu nyuzi 77 hadi 78. Chembe zinazowasha aurora hushuka kufuata mstari huo huo, kwa hiyo unakuwa unatazama bomba moja kuanzia juu hadi chini.

*Tahadhari.* Rada moja hupima kasi ya kuja na kwenda kwenye mstari wa macho yake tu. Ukitazama sambamba na uga, mwendo wa ioni (chembe za hewa zilizopoteza elektroni) wa kukatiza uga, ule unaotokana na uga wa umeme, huuoni. Kila mwaka kuna mtu anaomba saa sita za kutazama sambamba, halafu anaahidi kwenye andiko lake kwamba atatoa ramani ya uga wa umeme. Akitaka hivyo, inabidi azungushe dishi kwenye pande kadhaa, na kila mzunguko unakula dakika, au apate vituo vya kupokelea vilivyo mbali. Kwa miaka mingi UHF ilikuwa na vituo viwili vya namna hiyo, Kiruna na Sodankylä, hadi simu za mkononi zilipoanza kuijaza kelele sehemu ile ya masafa.

Hatua ya 3: Jua mwangwi unajikumbuka kwa muda gani

Hapa ndipo pa kukaa. Usiharakishe.

Ishara inayorudi inafanana na kelele. Rada haisomi ishara moja moja. Inachukua sampuli mbili zilizopishana kwa muda fulani, inazizidisha, na kupata wastani wa maelfu ya majibu. Muda huo wa kupishana nitauita mpishano. Ukichora wastani dhidi ya mpishano unapata mkunjo, na ndani ya mkunjo huo ndimo ziliko halijoto za ioni na za elektroni, pamoja na kasi. Kwa hiyo lazima mpigo wako uwe mrefu kiasi cha kuufikia ule mpishano ambao mkunjo umeshuka chini ya sifuri na kuanza kurudi.

Mpishano huo ni upi? Unategemea mawimbi ya sauti ya ioni. Kwenye kilomita 110, ambako ioni ni nzito na baridi, mawimbi hayo yanakwenda kama mita 570 kwa sekunde. Kwa rada yetu hiyo inahamisha masafa ya mwangwi kwa kilohezi 3.5, na mkunjo unafika shimoni karibu na mikrosekunde 140. Kwenye kilomita 300, oksijeni ni nyepesi na elektroni zina joto. Kasi inafika mita 1,600 kwa sekunde, spektra, yaani mtawanyiko wa masafa ya mwangwi, inatanuka hadi kilohezi 10 kila upande, na shimo linakuja mapema, mikrosekunde 50 hivi. Kwa hiyo anayepima chini ndiye anayehitaji mipishano mirefu. Wengi hudhani ni kinyume.

Tukifika mikrosekunde 300 tumeenea kote kuwili.

*Tahadhari.* Namba hizi usizihamishe. EISCAT_3D, rada nyingine ya shirika lile lile, ambayo kituo chake cha kurushia kipo Skibotn, inatumia megahezi 233, urefu wa wimbi mara nne ya huu wetu, kwa hiyo zidisha mipishano yote kwa 4. Na Jicamarca, Peru, kwenye ikweta ya sumaku, ni dunia nyingine kabisa: megahezi 49.92, uwanja wa antena 18,432, na mwali unaoweza kuwekwa karibu kukatiza uga wa sumaku, ambapo spektra inasinyaa sana na kasi inapimika kwa ustadi usiopatikana kwingine. Mtu akikupa faili la mipangilio la rada nyingine, pokea kwa shukrani, lisome, halafu funga.

Hatua ya 4: Kata mpigo vipande

Mpigo mmoja mtupu wa mikrosekunde 320 unachanganya kilomita 48 kwa pamoja. Tabaka la aurora la kilomita 5 linapotea humo kama chumvi kwenye mchuzi. Dawa ni kuukata mpigo vipande 16 vya mikrosekunde 20, na kuligeuza wimbi kichwa chini kwenye baadhi ya vipande kwa mpangilio maalumu. Kila kipande ni kilomita 3, na mpishano mrefu kabisa ni 15 mara 20, yaani mikrosekunde 300. Tumepata tulichotaka.

Mpangilio wenyewe ni misimbo ya kupokezana, iliyotolewa na Markku Lehtinen na Ingemar Häggström mwaka 1987. Badala ya msimbo mmoja unarusha familia nzima, mmoja baada ya mwingine, na ukishajumlisha majibu yote kwa alama sahihi, miangwi ya umbali usioutaka inafutana. Kwa vipande 16, familia iitwayo "yenye nguvu" ina misimbo 32. Lazima yote 32 irushwe kabla jibu halijakamilika.

*Tahadhari.* Usichukue msimbo wa Barker wa vipande 13 kwa kazi hii eti kwa sababu ndio uliofundishwa chuoni. Barker hutegemea mwangwi ubaki ule ule kwa urefu wa mpigo mzima. Vipande 13 vya mikrosekunde 20 ni mikrosekunde 260, na tumeona kwamba kwenye kilomita 300 mwangwi umeshajisahau kwenye 50. Utapata uji.

Hatua ya 5: Panga milisekunde tano

Chora mstari. Huu ni muda wa kutoka mpigo mmoja hadi unaofuata, na mimi huuchora kwa mkono kila mara:

1. Sifuri hadi milisekunde 0.32: rusha.
2. Hadi 0.53: subiri. Kipokezi kimefungwa kisiungue, na milima inarudisha kelele zake.
3. Kuanzia 0.53, yaani kilomita 80: chukua sampuli kila mikrosekunde 20 au 10, na kichujio chenye upana wa karibu kilohezi 50.
4. Hadi 3.05: mwisho wa sampuli. Tunataka kufika urefu wa kilomita 400. Kwa mwinuko wetu hiyo ni kilomita 410 za umbali, milisekunde 2.73, ongeza urefu wa mpigo wenyewe.
5. 4.0 hadi 4.8: pima kelele ya anga.
6. 5.0: rudi mwanzo na msimbo unaofuata.

Milisekunde 5 ni mipigo 200 kwa sekunde. Misimbo 32 inamalizika kwa milisekunde 160. Ukikusanya mizunguko 30 unapata kipimo kimoja kila sekunde 4.8.

Sasa kagua mtambo. Tunarusha 0.32 kati ya 5, yaani asilimia 6.4 ya muda. UHF inavumilia hadi asilimia 12.5, kwa hiyo tupo salama. Utajiuliza, mbona tusibane hadi milisekunde 2.6 tutumie nguvu yote? Kwa sababu ionosfia haiishii pale ulipoacha kusikiliza. Mwangwi wa mpigo uliopita unaotoka kilomita 500 utaingia pamoja na wa mpigo huu unaotoka kilomita 110. Misimbo tofauti haitauruhusu ujifanye wa chini, lakini utabaki kama kelele ya ziada, na kelele hatuna haja ya kuitengeneza wenyewe.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya makosa kabla ya kuomba hata dakika moja

Kanuni ya mfukoni: kosa la sehemu ni (1 + kelele gawanya kwa ishara), gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo.

Ishara ikilingana na kelele, kosa la asilimia 5 linahitaji vipimo 1,600. Kwa mipigo 200 kwa sekunde hiyo ni sekunde 8. Ishara ikiwa sehemu ya kumi ya kelele, unahitaji vipimo 48,400, sekunde 242, dakika nne na ushee. Anga ile ile, rada ile ile, na umetoka sekunde 8 hadi dakika 4 kwa sababu tu elektroni zimepungua.

Misimbo inakusaidia kidogo, maana kwa mpishano mfupi kabisa una jozi 15 ndani ya mpigo mmoja. Kwa ule mrefu kabisa una jozi moja tu. Ndiyo maana mkia wa mkunjo huwa na matege hata siku nzuri.

Na angalia ile "1" ndani ya mabano. Hata ishara ikiwa kali kupindukia, haiondoki. Watu huomba megawati zaidi wakati walichohitaji ni vipimo zaidi.

Kwa swali letu: aurora ikiwaka, kilomita 110 inajaa na sekunde 4.8 zinatosha kwa wingi wa elektroni. Halijoto inataka subira zaidi. Kabla aurora haijafika, sekunde 4.8 hazitoshi chochote. Hifadhi data ghafi au za muda mfupi, kisha ukusanye kwa dakika moja baadaye pale inapobidi. Vipimo vifupi unaweza kuviunganisha, kirefu huwezi kukikata.

Hatua ya 7: Usisahau kelele inayojulikana

Katika dirisha la 4.0 hadi 4.8, kwenye baadhi ya mipigo, mtambo unaingiza kelele yenye halijoto inayofahamika. Tofauti ya iliyoingizwa na isiyoingizwa ndiyo rula yako. Bila rula, wingi wa elektroni ni namba tupu.

Mtego uliopo: dirisha hilo linatazama umbali wa kilomita 600 hadi 720, na mchana bado kuna elektroni huko. Ukiichukulia kelele hiyo kuwa ni ya anga tupu, utakuwa umetoa ishara kidogo kila mahali. Ukipima mchana, refusha mzunguko.

Hatua ya 8: Rusha kwenye kompyuta kwanza

Tengeneza ionosfia ya uongo yenye tabaka jembamba kwenye kilomita 110, ipitishe kwenye misimbo yako, ongeza kelele, kisha ichambue kama hujui jibu. Tabaka likitoka kwenye kilomita 113, kuna mahali umehesabu kipande kimoja vibaya. Mimi nimewahi kukosea hapo hapo. Orodha ya misimbo ya kurushia ilianzia sifuri, ya kusomea ikaanzia moja. Saa nne za rada ziligeuka mchanga. Jaribio la dakika kumi mezani lingelionyesha kosa hilo.

Hatua ya 9: Andika saa kwa UT, na uandike "UT"

Sisi tunaosema Kiswahili tuna balaa la ziada. UT ni saa ya pamoja ya dunia nzima. Saa 18:00 UT wakati wa baridi ni 19:00 Tromsø, ni 21:00 Dar es Salaam, na kwa mdomo ni saa tatu usiku. Mwenzangu aliniandikia "tuanze saa tatu usiku", mimi kwenye fomu nikajaza 03:00. Aurora ilikuja jioni, ikacheza, ikaondoka. Sisi tukaja kupima anga lililotulia kama ziwa.

Kwenye ombi eleza pia sharti la kuanza. Aurora haipokei miadi, kwa hiyo omba usiku kadhaa ukiwa na ruhusa ya kuchagua mmoja kwa kuangalia hali ya uga wa sumaku.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna mwangwi kabisa.* Kagua kwanza sampuli za mpigo unaorushwa, kisha uelekeo wa dishi, kisha masafa ya kipokezi. Mara nyingi ni la tatu.

*Mwangwi mkali karibu, hausogei.* Ni milima. Tromsø imezungukwa nayo. Mlima haujisahau kati ya mpigo na mpigo, ionosfia inajisahau, kwa hiyo toa sampuli za mpigo mmoja kwenye mwingine wenye msimbo ule ule na mlima utaondoka.

*Mwiba wa ghafla kwenye urefu mmoja, sekunde chache, halafu kimya.* Setilaiti au takataka za angani. Futa kipimo hicho, usikifanyie wastani.

*Wingi wa elektroni umezidi au umepungua kwa kiwango kile kile usiku mzima.* Rula imepinda. Linganisha na ionosondi ya jirani, yaani rada ndogo inayopima masafa yanayorudishwa na ionosfia. Masafa ya juu kabisa yanayorudishwa na tabaka F, lile la juu lenye elektroni nyingi zaidi, yakiwa megahezi 9, kilele kinapaswa kuwa karibu elektroni trilioni 1 kwa mita ya ujazo.

*Halijoto za ajabu chini ya kilomita 105.* Huko ioni zinagongana na hewa mfululizo, na mkunjo hauwezi kutofautisha kugongana na halijoto. Lazimisha halijoto za ioni na elektroni ziwe sawa, na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

*Halijoto zinaruka kati ya kilomita 150 na 200.* Hapo ioni nzito zinaipisha oksijeni, na programu inatumia mchanganyiko wa kukisia. Badilisha kisio hilo kidogo na uone jibu linahama kiasi gani. Likihama sana, usilichapishe.

*Kasi ina makosa makubwa kuliko yenyewe.* Kasi ya mita 100 kwa sekunde inahamisha spektra kwa hezi 620 tu, wakati upana wake ni kilohezi 20. Kusanya kwa muda mrefu zaidi.

*Upande mmoja wa spektra umevimba mara kumi kuliko mwingine.* Kama si setilaiti, na kama aurora ilikuwa ikiwaka, usifute. Hayo ni mawimbi ya ioni yaliyochochewa, ni halisi, na uchambuzi wa kawaida haujatengenezwa kwa ajili yake. Weka data ghafi pembeni, andika saa kwa UT, na mtafute mtu anayeyafanyia kazi.